Theresa May alishindwa kuitoa Uingereza Umoja wa Ulaya (EU) kwa udhaifu wake, au kazi yenyewe ilikuwa haifanyiki?

#1 Kipanga Mweusi
Wakuu salaam.

Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Chanzo ni Mali, Burkina Faso na Niger. Januari 2024 walitangaza kuachana na ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, mwaka ukapita, tarehe 29 Januari 2025 wakawa nje. Mshkaji mmoja akadakia: "Mnaona? Kutoka ni kuamua tu. Waingereza wamehangaika miaka yote ile kwa sababu walimpa kazi mama asiye na msimamo."

Nilibisha, ila kusema kweli sikuwa na nondo za kutosha. Ninachokumbuka ni kwamba kura ya maoni ilikuwa Juni 2016, wakatoka Januari 2020, na katikati hapo Waziri Mkuu Theresa May alipeleka mkataba wake wa kutoka bungeni mara tatu ukapigwa chini mara tatu. Akaja Johnson, miezi sita tu kashatoka.

Swali: tatizo lilikuwa kiongozi au jambo lenyewe? Na ungekuwa wewe ndiye Waziri Mkuu Julai 2016, ungefanya nini? Waliofuatilia, na ndugu zetu mlioko kule, karibuni.

#2 Mlalahoi
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Bakora ya Mkwaju
Huyo mama kajitakia. Kaitisha kura ya maoni akidhani atashinda, wananchi wakamgomea, akabaki kung'ang'ania kiti. Halafu wabunge 230 wakamkataa siku moja. Ingekuwa mimi ningejiuzulu palepale, nirudi zangu kijijini nikalime.

#4 Sisimizi
Mkuu #3, umechanganya mafaili. Kura ya maoni aliiahidi David Cameron, waziri mkuu aliyemtangulia May, Januari 2013, ili kuwatuliza wabunge wa chama chake na kumzuia Nigel Farage, mwanasiasa mpinga EU, asimle kura. Ikapigwa tarehe 23 Juni 2016, waliotaka kutoka 51.9%, waliotaka kubaki 48.1%. Asubuhi yake Cameron akatangaza anaondoka. May alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na yeye alikuwa upande wa kubaki, ingawa kimyakimya. Kwa hiyo alirithi mgonjwa, hakumlaza yeye.

Na ile 230 si idadi ya waliomkataa, ni tofauti. Tarehe 15 Januari 2019 waliopinga walikuwa 432, waliounga mkono 202. Hakuna serikali katika historia ya kisasa ya Uingereza iliyowahi kupigwa kiasi hicho bungeni.

#5 Bakora ya Mkwaju
Sawa mwalimu, nimesahihishwa. Lakini 432 ni mbaya kuliko 230, kwa hiyo hoja yangu imezidi kunenepa 😂

Na swali la mleta mada hujalijibu. Ungekuwa wewe?

#6 Mzee wa Kahawa Chungu
Nitajaribu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

May hakushindwa mwaka 2019. Alishindwa tarehe 17 Januari 2017, siku aliyosimama Lancaster House kutoa ile hotuba. Kura ya maoni iliuliza jambo moja tu, kubaki au kutoka. Haikusema kutoka kwenda wapi. Norway haimo EU lakini imo kwenye soko la pamoja. Uturuki haimo EU lakini ina umoja wa forodha nao. Milango ilikuwa mingi. Yeye siku hiyo akaifunga karibu yote kwa mkono wake: tunatoka soko la pamoja, tunatoka umoja wa forodha, mahakama ya Ulaya haitatugusa. Akaongeza kwamba kutokuwa na makubaliano ni bora kuliko makubaliano mabaya.

Alifanya hivyo kabla hajakaa mezani hata siku moja. Ukienda Kariakoo kununua kitenge, huanzi kwa kumwambia mwenye duka kwamba rangi hizi zote huzitaki, kisha ukaanza kushusha bei ya kile kimoja kilichobaki. Na kwa nini aliyasema? Kwa sababu alikuwa mtu wa kubaki akiongoza chama kilichotaka kutoka. Ilibidi awaonyeshe waumini kwamba na yeye ameshasilimu.

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Machi 2017, barua ya kutoka ikafika kwa Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, kule Brussels. Ibara ya 50 ya mkataba wao inasema ukishatoa taarifa una miaka miwili, na kuongezewa muda lazima nchi zote zilizobaki zikubali. Aliwasha saa hajajua anataka nini.

#7 Nesi wa Mashariki
Habari zenu. Niko Lincolnshire tangu 2011, nahudumia wazee. Mji wa jirani ni Boston, ule uliopiga 75.6% kutoka. Naomba niongeze jambo ambalo watu nyumbani hulishangaa: mimi nilipiga kura ile. Nikiwa na pasipoti ya Tanzania. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali waliruhusiwa. Mwenzangu wa zamu, Mpolandi, ana miaka kumi pale, watoto wamezaliwa pale, hakuruhusiwa. Raia wa Ireland, Malta na Cyprus waliruhusiwa, wengine wa Ulaya hapana.

Asubuhi ya matokeo niliingia kazini nikamkuta jikoni hajawasha hata birika. Hakuniuliza nilipigia upande gani, na mimi sikumwambia. Ilikuwa aibu ya namna yake, mimi mtoto wa Korogwe nimepewa kuamua habari za mtu wa Poland aishi vipi Boston.

Baada ya hapo bibi mmoja niliyekuwa namwogesha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mpenzi utarudi kwenu lini?" Nikamwambia bibi, mimi sihusiki na hiyo. Akasema alidhani tumepiga kura wote waende.

#8 Mlalahoi
Dada Nesi hilo sikulijua hata kidogo. Sasa tuambie, ulipigia wapi? 👀

#9 Nesi wa Mashariki
Kura ni siri mdogo wangu.

#10 Mpemba wa Majuu
Assalaam aleikum. Yakhe, mnazunguka tu. Tatizo halikuwa May wala Lancaster House. Tatizo ni Ireland: Kaskazini ni ya Uingereza, Jamhuri imo EU. Mie nilikaa Belfast miaka mitano, nna duka la vyakula vyetu, na mpaka ule nimeupita mara nyingi kwenda Dublin. Huuoni. Unajua umeingia nchi nyengine kwa sababu vibao vya mwendo vinabadilika kutoka maili kuwa kilomita. Basi.

Una urefu wa kilomita kama 500 na njia za kuvukia zaidi ya 200. Zamani palikuwa na askari na minara ya ulinzi, watu wamekufa pale. Mapatano ya 1998 ndiyo yaliyoleta utulivu. Sasa Uingereza ikitoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha, mpaka wa EU unakuwa ule ule, na mpaka wa forodha hutaka ukaguzi. Ukaguzi uweke wapi?

May aliahidi vitu vitatu. Tunatoka forodha na soko. Hapatakuwa na ukaguzi ndani ya kisiwa cha Ireland. Hapatakuwa na ukaguzi baharini baina ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza nyengine. Viwili vyovyote vyawezekana. Vitatu kwa pamoja havikai, hata umlete nani. Kwa hiyo huyo mshkaji wa kijiweni mwambieni amlete na Nyerere, angekwama palepale.

#11 Dereva wa Holili
Nakubaliana na #10, ila hapo kwa Nyerere umegusa penyewe, maana alishawahi kukwama na mpaka 😂 Februari 1977 tulifunga mpaka na Kenya, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Baba yangu alikuwa na shangazi Taveta, yeye yuko Holili. Ukisimama kilimani unaona moshi wa jiko lake. Miaka sita. Walikuwa wanasalimiana kwa njia za panya.

#12 Kipanga Mweusi
Mkuu #11 hiyo ilikuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1978, si ndiyo? Hilo nalo ni aina ya kutoka.

#13 Chuma cha Reli
1977, si 1978. Na hapa ndipo babu yangu anapoingia, maana stori hii amenilisha pamoja na uji.

Alikuwa fundi wa reli, mtu wa Same, yuko karakana ya Nairobi. Mashirika ya Jumuiya yaligawanywa: reli na ndege makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, sekretarieti Arusha. Siku mambo yalipoharibika kila mtu alishika kilichokuwa uani kwake. Kenya ikabaki na ndege nyingi, Tanzania ikazuia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya. Hakuna aliyetuma barua, hakuna saa ya miaka miwili, hakuna timu ya mazungumzo. Babu alirudi na sanduku moja na kitambulisho cha kazi.

Mazungumzo yalikuja baada ya kuvunjika. Wakamleta Mswisi, Victor Umbricht, kusuluhisha mgawanyo wa mali na madeni. Makubaliano yakasainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya 42%, Tanzania 32%, Uganda 26%. Mafao ya wafanyakazi ni habari nyingine ndefu, wazee wamedai miaka na miaka, wengine wamekufa wanadai.

Kwa hiyo nikisikia May alikuwa dhaifu kwa kuchukua miaka mitatu, nacheka. Angalau wao walijadiliana kabla ya kuvunja. Mpolandi wa dada #7 alijua haki zake zimeandikwa kwenye mkataba.

#14 Nesi wa Mashariki
Zimeandikwa kweli. Haki za raia lilikuwa moja ya mambo matatu ya mwanzo, pamoja na pesa na Ireland. Mwenzangu alijaza maombi kwenye simu yake, mwisho ulikuwa Juni 2021. Ila miaka mitatu ya kusubiri alikonda kweli.

#15 Sisimizi
Dada #14 umegusa kitu wengi wanakipita. Mpangilio wa mazungumzo ndio uliowamaliza. Waingereza walitaka kuzungumza kila kitu kwa pamoja, biashara na talaka meza moja. EU wakasema hapana: kwanza raia, deni na Ireland, mkimaliza ndipo tuzungumze biashara. David Davis, waziri wa Brexit (huko kutoka EU), alikuwa ametamba kwamba hilo ndilo litakuwa ugomvi wa kiangazi. Kikao cha kwanza, tarehe 19 Juni 2017, akakubali siku hiyo hiyo.

Kuna picha ya mwezi uliofuata, itafuteni. Upande mmoja Michel Barnier, msemaji mkuu wa EU mezani, na wenzake, kila mtu na rundo la makaratasi. Upande wa pili Davis na wenzake wanatabasamu, meza nyeupe. Walisema makaratasi yalikuwa kwenye mabegi. Inawezekana. Ila picha imebaki.

Na wakati London mawaziri wanarushiana maneno magazetini, nchi 27 zilipitisha maagizo ya Barnier kwa dakika chache tu, Aprili 2017. Ukiuliza kwa nini upande mmoja ulishinda, mimi ningeanzia hapo.

#16 Bakora ya Mkwaju
Kwa hiyo sasa ni Davis. Mpaka hapa tuna Cameron, Lancaster House, Ireland na Davis. Mama katakata kama maji ya Mtera.

#17 Mama Tumaini
Mimi si mtaalamu ila naona wanaume mnamkwepesha mama au mnamponda, hamna katikati. Alikosea jambo moja ambalo mtoto wa shule angeliona: alikuwa na wingi bungeni, mdogo lakini anao, akaitisha uchaguzi bila kulazimishwa na mtu. Tarehe 8 Juni 2017. Alijinadi kama kiongozi imara na thabiti. Akaingia na viti 330, akatoka na 317. Ikabidi awaombe DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini kinachotaka kubaki na Uingereza, viti 10, wamshike mkono. Hao hao ambao suala la Ireland linawagusa kuliko mtu yeyote!

Yaani unaenda kujadili mpaka wa shamba huku umekopa pesa ya mawakili kwa jirani mwenye mgogoro na shamba hilo.

#18 Mzee wa Kahawa Chungu
Mama Tumaini umeua. Na malipo yakaja haraka. Tarehe 4 Desemba 2017 May yuko Brussels, anakula chakula cha mchana na Juncker, rais wa Tume ya Ulaya, maneno ya Ireland yameshaandikwa, waandishi wanasubiri nje. Arlene Foster wa DUP akapiga simu: hatukubali. Ikabidi aondoke bila kusaini. Wakarekebisha, wakapata tarehe 8.

Ila nikutetee hoja upande wa pili. Wakati anaitisha uchaguzi tafiti za maoni ya wapigakura zilimpa uongozi mkubwa mno, na wabunge wake wakaidi walikuwa wanatosha kumwangusha. Alitaka wingi ili awapuuze. Hesabu haikuwa ya kijinga. Kampeni ndiyo ilikuwa ya kijinga.

#19 Wa Naivasha
Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, na sisi tunamkumbuka huyo mama kwa kitu kimoja tu: kudansi. Agosti 2018 alikuja Nairobi, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kuja Kenya kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa ametoka Cape Town ambako alidansi na watoto wa shule, akafika Nairobi akadansi tena na maskauti. Mikono kama ya roboti. Lakini heko kwake, alijaribu.

Kwa ground mambo hayakuwa ya kucheka. Nilikuwa shamba la maua, kazi ya kupanga maua kwa maboksi. Meneja alituita akasema Uingereza ikitoka bila mkataba mpya na Kenya, maua yetu yataanza kulipa ushuru kule, na tulikumbuka vile 2014 tulilipa ushuru miezi kadhaa Ulaya juu EPA, mkataba wa biashara na EU, ilikuwa haijakamilika. Tuliambiwa shifti zitapunguzwa. Mkataba wa Kenya na Uingereza ukasainiwa Desemba 2020, wiki chache tu kabla ya kipindi cha mpito kuisha. Krismasi hiyo nililala.

#20 Dereva wa Holili
Mlisaini peke yenu mkaiacha Jumuiya inashangaa. Jumuiya ni forodha moja au kila mtu na lake?

#21 Wa Naivasha
Nyinyi mko kwa orodha ya nchi zenye maendeleo duni, mnaingiza bidhaa bure kabisa bila kusaini kitu. Rahisi kuwa na msimamo ukiwa umeshiba. Na 2016 si ni Tanzania iligoma kusaini EPA, ikataja mpaka hiyo Brexit kama sababu?

#22 Dereva wa Holili
Hilo la 2016 kweli. Mkapa alikuwa ameshapiga kelele miaka kadhaa kwamba EPA itaua viwanda vyetu. Ila "umeshiba" umenikosea, njoo Holili uone 😂

#23 Mpemba wa Majuu
Haya, mmeshafika kwenye maua. Ngojeni nisije nikauliza mie suali la kutoka kwenye muungano mwengine...

#24 Moda Msaidizi
Mpemba wa Majuu, uzi ni wa Uingereza. Tubaki huko.

#25 Mpemba wa Majuu
Nilikuwa naulizia Scotland, bwana moda. 62% walitaka kubaki EU wakatolewa pamoja na wengine. Au hiyo nayo hairuhusiwi? 😇

#26 Mlalahoi
😂😂😂 Nimemwaga karanga

#27 Wakili Asiye na Gauni
Nimechelewa, nimesoma yote. Niweke mambo mawili ya sheria.

Kwanza, kuna mtu atasema muda si mrefu kwamba Jumuiya yetu ya sasa haina mlango wa kutokea. Unao. Mkataba wa 1999, Ibara ya 145: Bunge la nchi lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha nchi itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na inaweza kuifuta taarifa kabla miezi hiyo haijaisha. Linganisha na Ibara ya 50 ya Ulaya, ambayo iko kimya kuhusu kufuta. Ikabidi Mahakama ya Ulaya iseme, Desemba 2018, kwamba Uingereza inaweza kuifuta barua yake bila kumwomba mtu. Kwa sharti la theluthi mbili, kura ya 52 kwa 48 isingefika popote. Sisemi ni bora. Nasema waandishi wa mlango huamua nani atapita.

Pili, May alijaribu kuwasha saa bila Bunge. Mahakama ya Juu ikamwambia Januari 2017, majaji 8 kwa 3, kwamba lazima Bunge lipitishe sheria. Alipoonyesha mapema kwamba Bunge anaona ni kero, Bunge nalo halikusahau.

Na kwa mleta mada, Sahel si mfano mzuri. Wale nao walisema wanatoka mara moja, mkataba wa ECOWAS ukasema mwaka mmoja. Na siku walipotoka ECOWAS ikaziomba nchi wanachama ziendelee kutambua pasipoti na bidhaa zao mpaka wakubaliane. Na bado wako kwenye umoja wa sarafu ya faranga ya CFA. Hawajamaliza kutoka, wameanza.

#28 Kipanga Mweusi
Wakili asante, hiyo ya CFA nakwenda nayo kijiweni leo jioni.

#29 Bakora ya Mkwaju
Sasa mbona hakuna anayemtaja Boris Johnson? Mama alikuwa na mkataba mkononi Novemba 2018, kurasa 585. Johnson kajiuzulu uwaziri Julai mwaka huo, kapinga mkataba mara mbili, mara ya tatu kaupigia kura ya ndiyo! Kisha akachukua kiti, akaenda Brussels, akarudi na karibu mkataba ule ule. Huo ni uongozi au ni ujanja wa dalali?

#30 Sisimizi
"Karibu ule ule" ni kweli kwa kurasa nyingi, raia na pesa vilibaki. Kilichobadilika ni Ireland. May aliweka bima: tusipopata suluhisho, Uingereza nzima inabaki kwenye eneo la forodha na EU. Wakaidi wakaona ni kamba shingoni. Johnson tarehe 10 Oktoba 2019 alikutana na Leo Varadkar wa Ireland karibu na Liverpool, wiki moja baadaye mkataba upo. Alichofanya ni kuchagua katika vile vitatu vya #10: ukaguzi upelekwe baharini. DUP wakabaki wameshika mashavu. May alikuwa amesema hakuna waziri mkuu wa Uingereza anayeweza kukubali kitu hicho.

Kwa hiyo aliyevunja ahadi ndiye aliyefanikiwa. Mnieleze tunamwitaje huyo.

#31 Mama Tumaini
Tunamwita mwanaume. Yeye Mahakama ikamwambia majaji 11 kwa 0 kwamba alilisimamisha Bunge kinyume cha sheria, akafukuza wabunge 21 wa chama chake, na bado Desemba 2019 wakampa viti 365. May alikohoa kwenye hotuba, herufi zikaanguka ukutani nyuma yake, dunia nzima ikamcheka mwaka mzima.

#32 Mzee wa Kahawa Chungu
Mama Tumaini, hilo la herufi lina ukweli. Lakini Johnson aliyakuta mazingira tofauti. Alikuwa mtu wa kutoka tangu kampeni, waumini walimwamini hata akipindisha. Na watu walikuwa wamechoka. Mei 2019 kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya chama cha May kilipata 9%, nafasi ya tano! Wabunge wao waliona kaburi. Ukishaona kaburi unapiga kura tofauti.

Nikirudi kwa swali la #5, ambalo bado linanidai: ningekuwa mimi, ningeenda bungeni Julai 2016, kabla ya barua yoyote, niwaambie vyama vyote tukae miezi sita tuchague mlango. May alikwenda kwa Corbyn, kiongozi wa upinzani, Aprili 2019, wiki sita wakazungumza, hakuna kitu. Kwa wakati huo kila mtu alishajenga ukuta wake.

#33 Bakora ya Mkwaju
Corbyn angekubali 2016? Mwenyewe alikuwa anapinduliwa na wabunge wake kiangazi hicho hicho. Na Machi 2019 Bunge lilipewa njia 8 zipigiwe kura, likakataa zote 8! Wiki iliyofuata umoja wa forodha ukakosa kwa kura 3, 273 kwa 276. Bunge lenyewe ndilo halikutaka kitu. Nimeanza kumhurumia mama, na sipendi.

#34 Wakili Asiye na Gauni
Kura 3. Na baadhi ya waliotaka kura ya maoni ya pili hawakuiunga mkono kwa sababu walitaka chao kipite kwanza. Hapo huwezi kumlaumu waziri mkuu peke yake.

#35 Chuma cha Reli
Nimemsomea babu uzi huu, ana miaka 84, anasikia vizuri sikio moja. Swali lake: hao Waingereza walilipa mafao ya watumishi wao kule Brussels?

#36 Sisimizi
Mwambie mzee shikamoo. Ndiyo, mafao ya watumishi yaliingizwa kwenye ile hesabu ya talaka, iliyokadiriwa pauni bilioni 35 hadi 39 kwa jumla. Inalipwa taratibu kwa miaka mingi.

#37 Chuma cha Reli
Anasema marahaba. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza wakala wa malipo yuko wapi. Sijui kama ni utani.

#38 Mpemba wa Majuu
Msalimie sana. Na mie nimalize ya duka langu kwa wanaosema Johnson kamaliza kazi. Mwanzo wa 2021 yule muuzaji wa jumla wa Birmingham, ninaechukua kwake unga wa sembe na maharage, akaniandikia kwamba Belfast hatumi tena mzigo, makaratasi yamemshinda. Nchi ile ile, malkia yule yule. Ikabidi nianze kununua Dublin. Baadae waziri mkuu Sunak kaja na mapatano ya Windsor, 2023, mambo yakalegea kidogo. Yule wa Birmingham hajarudi.

#39 Dereva wa Holili
Kwa hiyo mpaka upo baharini lakini unga hauvuki?

#40 Mpemba wa Majuu
Unavuka. Unavuka na fomu.

#41 Bakora ya Mkwaju
Kipanga, umetoka kijiweni? Walisemaje kuhusu CFA?

#42 Kipanga Mweusi
Nimetoka sasa hivi. Mshkaji kasema CFA haihusiani, tatizo ni yule mama. Kesho anakuja na kaka yake aliyekaa Reading.